Kanda ya Mwisho ya Verlin

Jumanne, 9 Machi 1999

Shajara, niwie radhi. Tangu Oktoba sijakufungua. Sikuugua wala sikusafiri. Mwezi ule Verlin Hruska aliniambia jambo moja tukiwa tumeegemea uzio wake, na tangu hapo kila nilipoishika kalamu niliona heri nikapasue kuni. Kuni sasa zinatosha hadi majira ya baridi ya mwakani.

Jambo lenyewe ni saratani ya kongosho. Madaktari wamemaliza dawa zao. Kitanda cha Verlin kimehamishiwa sebuleni, kati ya jiko la kuni na televisheni.

Niweke kumbukumbu sawasawa. Kwa miaka mingi, kila Alhamisi jioni, watu watatu wamekutana kwa Verlin kutazama tamthilia ya kauboi iitwayo Kituo cha Lodgepole, iliyorushwa zamani, wakati sote tulipokuwa na nywele. Watu hao ni mimi, Verlin, na Dwight Paulsen, fundi mstaafu wa vinu vya upepo, mtu mwenye sauti kubwa na sentensi zisizo na kiima. Utaratibu wetu ni huu: mleta kanda husimama mbele ya televisheni na kuitetea sehemu aliyoichagua kabla haijaonyeshwa. Wasikilizaji wanaruhusiwa kumtupia bisi. Mleta kanda ni mimi au Dwight. Verlin haleti kanda. Verlin hutoa viti, televisheni na bisi, na mwishoni husema kwamba ilikuwa nzuri.

Leo dada yake, Arlys, aliyehamia pale kumuuguza, alituita jikoni. Akasema kaka yake anachoka. Macho yanafumba yenyewe. Hawezi tena kutazama kanda mbili huku akisikiliza wazee wawili wakigombana. Italetwa kanda moja, basi, na tukubaliane ni ipi. "Na mkubaliane kama watu wazima," alisema, akimtazama Dwight. Nina hakika alikuwa akimtazama Dwight.

Kanda ya mwisho katika maisha ya mtu! Jambo hili haliwezi kuachwa mikononi mwa fundi wa vinu. Verlin ndiye rafiki niliyebaki naye. Ataondoka akiwa ameona kilicho bora, na atakionyeshwa na mimi.

Nakusudia kushinda kwa hoja tupu, bila hila. Hila nimeanza kuzipanga leo jioni, iwapo hoja hazitatosha.

Jumatano, 10 Machi

Hoja hazikutosha.

Nilimkuta Dwight mkahawani, mbele ya mayai. Mimi nataka "Kisima cha Bi Hadley"; yeye anataka "Treni ya Januari". Ndiyo sehemu ambamo Afande Trimble anampeleka mfungwa mahakamani, treni inakwama kwenye tufani ya theluji, na mwishowe mfungwa anambeba afande mgongoni. Nakiri kwamba ina mahali pamoja pazuri, pale mfungwa anapoiona taa ya kituo na kusimama akifikiri kama amtupe afande au asimtupe. Lakini nilimkumbusha Dwight kwamba katika tufani ile yote hakuna anayetoa mvuke mdomoni. Wanaganda, lakini pumzi zao ni za Juni.

Dwight akajibu kwamba Bi Hadley wangu anachimba kisima siku tatu na kucha zake zinabaki kama za mke wa meneja wa benki. Nikamwambia yeye hutazama televisheni kama ng'ombe anavyotazama gari likipita. Akasema, "Mwalimu, umeifundisha wilaya nzima kusoma, lakini wewe mwenyewe kutazama hujui." Mhudumu akatuomba tupunguze sauti, kuna watu wanasali kabla ya kula.

Nikaamua kumwendea mgonjwa mwenyewe. Nilimkuta Verlin peke yake, amegeuziwa dirishani. Jirani yake anazalisha ng'ombe kwenye malisho ya ng'ambo. Nikamuuliza ni sehemu ipi aliyoipenda kuliko zote. Alifumba macho, akafikiri muda mrefu mpaka nikadhani amelala. Kisha akasema, "Ile yenye farasi."

Zote zina farasi. Nikamuuliza farasi yupi. Akasema wa kahawia.

Nimeyapima maneno hayo kwa makini. Katika "Kisima cha Bi Hadley" farasi wa Afande ni wa kahawia waziwazi. Katika ile ya treni, farasi anaonekana mwanzoni tu, na kwa maoni yangu anaelekea wekundu. Huu ni ushindi wangu.

Verlin alisema nivute kiti, kuna ng'ombe mmoja pale anakaribia kuzaa, tumwangalie. Sikuvuta kiti. Nilikuwa na haraka ya kumweleza Arlys rangi ya farasi.

Arlys alikuwa akifua mashuka. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mwalimu, farasi ni farasi."

Mchana nikampelekea pai ya cheri. Nikasema nimeioka kwa mikono yangu. Ilikuwa ya mkahawani, nimeihamishia kwenye sahani yangu. Arlys akauliza nilitia mafuta gani kwenye unga. Nikasema ya kawaida. Akauliza ya kawaida yapi. Nikaaga.

Alhamisi, 11 Machi

Siku mbaya.

Mpango ulikuwa mzuri. Nifike kabla ya Dwight, niweke kanda, ianze. Hakuna mtu, hata Dwight, atakayezima kanda iliyokwisha kuanza mbele ya mgonjwa. Deki ya Verlin hutafuna kanda, kwa hiyo nilibeba yangu. Nilibeba pia waya zake, mfuko wa bisi, na kanda nikaitia ndani ya koti. Theluji ilikuwa ikianguka. Arlys alikuwa jikoni. Niliingia sebuleni mikono imejaa, kofia yangu imejaa theluji, na theluji inayeyuka na kunimwagikia machoni. Nikaivua kwa kidole kimoja na kuiweka mahali palipokuwa karibu.

Mahali palipokuwa karibu palikuwa kitandani, juu ya miguu ya Verlin.

Mtu aliyezaliwa kwenye vilima hivi vya mchanga haweki kofia kitandani. Si kitandani kwake, si kitanda cha hotelini, si kitanda kilicho tupu kwenye duka la samani. Kofia kitandani huita mauti. Mimi ni mtu wa elimu, siamini mambo hayo hata kidogo, na katika umri wangu wote sijawahi kufanya hivyo hata mara moja. Mpaka leo.

Arlys aliingia na supu. Supu ikaenda sakafuni. Sikujua kwamba mwanamke anayepamba altare anayaamini mambo yale. Aliichukua kofia kwa ncha za vidole, kama mtu anayeondoa panya aliyekufa, akafungua mlango, akaitupa nje, kisha akanielekeza niifuate.

Verlin alisema kutoka kwenye mto, "Mwache, Arlys. Hiyo kofia imechelewa." Akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kuisha, na Arlys akamshika mgongo huku akinitazama mimi. Nisikanyage pale tena, akasema, mpaka aniite mwenyewe.

Nje, Dwight alikuwa akishuka kwenye pikapu yake. Aliitazama kofia kwenye theluji. Akanitazama mimi. Hakusema neno. Kwa mtu kama Dwight, hilo ni tusi.

Deki yangu imebaki ndani. Kanda nilitoka nayo kotini.

Ijumaa, 12 Machi

Asubuhi nilimpigia Arlys simu kuomba radhi. Nilimfafanulia kwamba imani ya kofia ilitokana na chawa, kwamba wachunga ng'ombe wa zamani walikuwa nao vichwani, na kwamba kwa hiyo hakuna uhusiano wowote wa kisababu na kifo. Akasema, "Si kofia peke yake, Mwalimu. Wiki nzima unaingia na kutoka humu, na hujamuuliza anajisikiaje."

Nikamjibu kwamba nilimuuliza kuhusu farasi.

Akakata simu. Lakini kabla hajakata alisema kwamba suala la kanda limekwisha. Dwight ataleta yake kesho alasiri.

Nimeitazama "Kisima cha Bi Hadley" peke yangu, mapazia yamefungwa. Niandike hapa yale ambayo sitapewa nafasi ya kuyasema sebuleni kwa Verlin.

Afande Trimble anatumwa na karatasi ya mahakama kumtoa mjane katika shamba lake. Mume wake alifia ndani ya kisima alichokuwa akikichimba. Afande anapofika, mjane hamsihi wala hamtukani. Anateremka kisimani na kuendelea kuchimba. Afande anamfunga farasi, anakunja mikono ya shati, anaanza kuvuta ndoo za mchanga. Hakuna muziki. Hakuna bastola inayotoka kwenye ala kwa saa nzima, na hii ni tamthilia ambamo watu watatu walikuwa wakifa kila wiki kabla ya tangazo la sabuni. Maji hayapatikani. Jioni wanaketi kizingitini, mjane na mtu aliyekuja kumfukuza, wakiutazama uwanda. Mara moja tu mjane anataja jina la mumewe. Afande anavua kofia na kuishika magotini. Hasemi kitu. Waliotengeneza sehemu hii walikuwa na ujasiri wa kumwacha pale, amekaa tu, mpaka mtazamaji anajisogeza kitini kwa haya. Kisha tunaliona tena gurudumu la kisima, kama mwanzoni, likizungushwa na upepo, na inaisha. Hatujui kama alimtoa. Tumebishana juu ya jambo hilo miaka yote. Dwight husema alimtoa, sheria ni sheria. Mimi husema hakumtoa. Verlin alisema siku moja kwamba huenda bado wameketi.

Hiyo ndiyo kazi bora iliyowahi kuonyeshwa katika vioo vyetu. Na Dwight atampelekea mtu anayekufa treni ya mbao.

Sikubali.

Jioni nilikwenda kula samaki kwenye ukumbi wa Wakatoliki. Mimi ni Mlutheri, lakini samaki wa Ijumaa za Kwaresima hana dhehebu, mji wote huenda. Dwight alikuwa ndani, anapanga foleni ya mara ya pili. Pikapu yake ilikuwa nje, haikufungwa, kama pikapu zote za mji huu. Kanda ilikuwa kwenye kiti cha mbele, ndani ya kasha lake, imeandikwa TRENI kwa penseli ya seremala. Nikaitoa. Nikaweka yangu ndani ya kasha lilelile.

Katekisimu yetu haikulizungumzia jambo hili moja kwa moja.

Nilirudi ndani, nikachukua kipande kingine cha samaki. Dwight akanisalimia kwa upole na kuuliza kama kofia yangu imekauka. Nikamwambia imekauka, asante.

Jumamosi, 13 Machi

Ushindi!

Tangu mchana nimeketi karibu na simu. Niliihesabu safari ya Dwight kichwani: sasa anakung'uta viatu, sasa anaitafuta miwani, sasa anasimama mbele ya televisheni na kuitetea treni kwa sentensi zake zilizovunjika. Verlin hatamtupia bisi, hana nguvu. Kisha Dwight anabonyeza, na badala ya honi ya treni linatokea gurudumu la kisima. Nilicheka peke yangu jikoni. Hatathubutu kuizima. Verlin atakuwa ameshaiona. Atajua mara moja ni nani aliyemletea.

Simu ikalia.

Sikuipokea. Nilijua ni Dwight, na nilitaka achemke. Ililia muda mrefu, ikanyamaza, ikalia tena. Mtu anayepiga tena mara moja ni mtu mwenye hasira sana. Nilijimiminia kahawa na kuisikiliza kama watu wengine wanavyosikiliza kinanda. Iliponyamaza mara ya pili nyumba ilikuwa kimya kabisa, na nikaona kwamba nimeketi wima kama mtu aliye kanisani.

Jioni sikupika. Nilikula mkate, nikimfikiria Afande na ndoo zake sebuleni kwa Verlin. Wiki hii ni ya kwanza tangu Oktoba ambayo nimelala vizuri.

Jumapili, 14 Machi

Dwight alikuja kabla ya kengele za kanisa. Alisimama barazani, kofia mkononi, na sikuhitaji kuambiwa.

Verlin amefariki alfajiri. Arlys alikuwa naye.

Tuliketi jikoni. Dwight alinieleza ya jana kwa utaratibu, jambo ambalo si kawaida yake. Kanda ilipoanza na gurudumu likatokea, alitamka neno ambalo hatalirudia, kisha akamwambia Verlin, "Mwalimu kaniibia treni." Verlin alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akasema hii ndiyo hila pekee ya Mwalimu iliyowahi kufanikiwa, na kwamba amefurahi ameishi kuiona. Hakukohoa safari hii. Arlys naye akacheka, mlangoni.

Kisha, kabla Afande hajashuka kwenye farasi, Verlin akaomba televisheni izimwe. Akasema hizo zote amekwisha kuziona. Ageuziwe dirishani, ng'ombe wa jirani wanazaa. Na Mwalimu aitwe, aje tuangalie pamoja.

Arlys ndiye aliyepiga simu. Ya kofia, alisema, yamekwisha. Alipiga mara mbili.

"Tukadhani labda uko dukani," Dwight akasema.

Nikasema nilikuwa dukani.

Walitazama mpaka giza. Ndama mmoja alizaliwa. Alianguka, akasimama, akaanguka, akasimama. Verlin alisema ilikuwa nzuri. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ambayo Dwight aliyasikia, na aliyasema kuhusu ndama wa mtu mwingine.

Nilimuuliza Dwight kanda ilifika wapi hasa. Akasema ilifika langoni kwa Bi Hadley. Kwa hiyo farasi alikwisha kuonekana. Nikamuuliza kama Verlin alisema lolote alipomwona farasi. Dwight alikiweka kikombe chini. "Hapana, ndugu yangu," akasema. "Hakusema kitu kuhusu farasi."

Hajawahi kuniita ndugu yake.

Hakunigombeza kwa ajili ya kanda. Hakuidai. Alimaliza kahawa yake, akakiosha kikombe, akakifuta, akakiweka mahali pasipo pake. Baada ya kuondoka nilikirudisha mahali pake. Kisha nikakitoa tena, nikakiweka pale alipokuwa amekiweka yeye.

Sikwenda kanisani. Niliinua mkono wa simu mara kadhaa kuhakikisha kwamba inafanya kazi. Inafanya kazi.

Jumanne, 16 Machi

Mazishi ni Alhamisi. Arlys ndiye aliyeichagua siku, bila kueleza kwa nini, na hakuna aliyemuuliza.

Baada ya makaburini kutakuwa na chakula katika ukumbi wa Wakatoliki: nyama ya nguruwe iliyokaushwa, viazi vya kuoka kwa jibini, ile jeli ya kijani yenye karoti. Ukumbini kuna televisheni juu ya meza ya magurudumu. Arlys amesema huenda ikaonyeshwa sehemu moja ya Kituo cha Lodgepole watu wakiwa wanakula, kwa heshima ya Alhamisi za Verlin. Au huenda isionyeshwe chochote, wakasali rozari tu. Atamwona paroko kesho, kisha aamue.

Mji wote utakuwa pale. Sijawahi kupata hadhira ya namna hiyo.

Mchana Dwight alikuja. Hajanyoa. Akasema, "Weka ya kisima, Mwalimu. Mimi nakuachia. Sina nguvu ya kubishana." Kisha akaniomba niende kwake jioni, bila kanda, tukae tu kidogo. Amesema tangu Jumapili nyumba yake imekuwa kubwa.

Nilimchunguza kwa makini. Macho yake yalikuwa mekundu. Dwight ni mjanja kuliko anavyoonekana. Mtu aliyeitetea treni miaka yote hakabidhi ukumbi mzima bila sababu. Anataka niketi kwake jioni ya leo, nikinywa kahawa yake, wakati yeye ameshapanga la kumwambia Arlys asubuhi. Au anataka nisimame mbele ya watu wote nikiwa sijajiandaa. Nikamwambia nina kazi. Akasema sawa. Alisimama barazani kidogo, kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaenda zake. Pikapu yake haikuwaka mara ya kwanza.

Hakufanikiwa kunidanganya.

Jioni hii nimeandika utetezi wa "Kisima cha Bi Hadley", kwa ajili ya ukumbi. Nimependekeza kwa mama wa jikoni kwamba nizungumze kabla ya nyama kutolewa, kwa sababu watu wenye njaa husikiliza kwa makini. Hakukataa wazi. Kanda ya treni ningali nayo, chini ya soksi. Nitairudisha wakati unaofaa.

Nimeusoma utetezi kwa sauti jikoni. Sentensi ya kwanza ilimtaja Verlin. Nilipoifikia sauti ilinikatika. Nikajaribu tena, ikakatika palepale. Nimeifuta. Bila sentensi hiyo hotuba ni fupi zaidi na imepata nguvu.

Kesho nitakuwa mlangoni kwa Arlys kabla Dwight hajaamka. Ni kisima, ni treni, au ni rozari, akishaamua nitakuandikia siku hiyohiyo. Kabla ya hapo sioni kama kuna jambo lolote la kuandika.